Mume Anahitaji Elimu

Wagonjwa wa hospitali ile ya pembezoni mwa mji walimwita Daktari Radi, na hawakumwonea. Ungekuwa umekaa kwenye benchi la nje, namba yako mkononi, ungesikia mlango wa chumba namba nne umefungwa na ndani kunanguruma: "Dawa hukunywa! Usinidanganye. Presha hii ni ya mtu aliyekunywa dawa?" Halafu mlango ulifunguka, akatoka mama wa watu, macho chini, faili kwapani, na waliobaki kwenye benchi wakaanza kuhesabu vidonge vyao kimoyomoyo.

Na bado walimpenda. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tisa, mrefu, mwenye viatu vilivyolika upande mmoja, na alikumbuka figo ya kila mtu. Siku moja majibu ya mgonjwa fulani yalichelewa kutoka maabara, na yalipotoka yalikuwa mabaya. Simu ya mgonjwa haikupatikana. Daktari Radi aliacha chakula chake mezani, akaenda kwa miguu kwenye mvua akiulizia nyumba hadi nyumba, na alipompata alimkaripia pale pale mlangoni kwa kuzima simu. Kisha akamshika mkono akamrudisha hospitali. Watu wa mtaa ule walisimulia habari hiyo kwa miaka, na kila aliyesimulia alianza na makaripio.

Nyumbani hakuwa radi wala ngurumo. Nyumbani alikuwa Baba Pacha. Mkewe, Mama Pacha, alifundisha hesabu kwenye shule ya sekondari, mwanamke mnene kiasi, mwepesi wa kucheka, asiyeinua sauti hata kwa darasa la watoto sitini. Pacha wao walikuwa wameshaondoka kwenda vyuoni, na nyumba ilibaki na watu wawili, friji moja inayolia, na rundo la madaftari ya kusahihisha.

Miaka kumi na saba ya kuwa bingwa wa magonjwa ya ndani ilikuwa imemfundisha jambo moja. Mtu alikuja na sukari. Mwaka uliofuata alirudi na presha. Baadaye figo, na mwisho moyo. Magonjwa haya ni ndugu wa tumbo moja: ukimwona mmoja sebuleni, ujue wenzake wako uani. Lakini hospitalini kila ndugu alikuwa na kliniki yake, siku yake na daktari wake, na mgonjwa alizunguka na faili nne kama karani. Basi hospitali kuu ya kufundishia ilipotangaza mafunzo ya miaka miwili kwa madaktari wanaotaka kubobea katika kuyatibu yote pamoja, moyo, sukari, mafuta ya damu na uzito, aliomba. Fomu alijaza Mama Pacha, kwa kuwa mwandiko wa mumewe ulisomwa na wafamasia peke yao, tena wawili tu.

Walichaguliwa watano. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Mdogo kuliko wote alikuwa binti wa miaka thelathini na mmoja, mkimya, mwenye daftari jekundu, ambaye wenzake walimwita Kitindamimba. Na mkuu wa mafunzo, Profesa, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, alikuwa nyuma ya Daktari Radi kwa miaka miwili walipokuwa chuoni. Daktari Radi ndiye aliyewahi kumwonyesha namna ya kushika kipima moyo. Sasa Profesa alimwita kwa heshima mbele ya watu, kisha akamrekebisha mbele ya watu hao hao.

"Inauma?" Mama Pacha alimuuliza wiki ya kwanza.

"Inauma kidogo," alisema. "Lakini ana haki. Hilo ndilo linaloniuma zaidi."

Mwezi wa tatu Profesa alifunga kitabu katikati ya somo, akawagawia kila mmoja mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na vidonge vya unga mtupu, visivyo na dawa yoyote, mashine ndogo ya kupima sukari, na fomu ya siku thelathini. "Mwezi huu mnaumwa," alisema. "Vidonge vinne kwa siku: kimoja kabla ya kula, viwili na chakula, kimoja jioni. Kidole mtajichoma mara mbili. Mtatembea nusu saa. Mtaandika kila mnachokula, hata mkilamba kijiko. Na kila mmoja wenu nimempa mlezi."

Walezi walikuwa wagonjwa wa kliniki. Wa Daktari Radi alikuwa mzee wa miaka sitini na mitatu aliyeendesha malori ya safari ndefu kwa miaka thelathini na kuishi na kisukari kwa kumi na minane. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekwenda, na alivitaja kama watu waliohama mtaa. Kila mtu pale hospitalini, hadi wafagiaji, alimwita Dereva.

Walikubaliana kuonana kila Alhamisi kwenye benchi lililo kando ya dirisha la dawa. Alhamisi ya kwanza ilipita salama, kwa sababu ilikuwa siku ya pili tu. Alhamisi iliyofuata Dereva alivaa miwani, akaipokea ile fomu, akaiangalia mbele na nyuma, kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Daktari," alisema taratibu, "siku tisa. Kalamu moja, wino mmoja, alama zote zimelala upande mmoja kama zimepigwa na upepo."

Daktari Radi alikohoa.

"Umejaza yote leo asubuhi."

"Si yote."

"Umejazia wapi?"

"Kwenye gari," alisema Daktari Radi, na masikio yakamwaka. "Pale kwenye maegesho."

Dereva alicheka hadi mfamasia akachungulia dirishani. "Miaka kumi na minane nimewajazia ninyi fomu hizi, bwana. Nilikuwa najazia kwenye lori, nimeliegesha pale pale. Karibu chamani." Kisha akaacha kucheka, akamrudishia karatasi. "Sasa niambie kweli. Umekosa vingapi?"

Alikuwa amekosa kumi na moja. Vya mchana vilimpita kwa sababu mchana alikuwa wodini. Cha jioni alikikumbuka akiwa ameshapiga mswaki na kulala, akaona uvivu kuamka. Siku moja aliacha mfuko mzima juu ya friji. Alivisema vyote, kimoja kimoja, na Dereva hakumkaripia hata mara moja. Alisema tu, "Vya mchana weka mfuko wa shati. Mfuko wa shati hausahauliki, unagonga ukiinama."

Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe. Alitegemea achekwe, akachekwa. Lakini Mama Pacha alipomaliza kucheka alifuta macho kwa upindo wa gauni, akasema, "Maskini mume wangu, umejichoma vidole peke yako siku zote hizi. Jumamosi nitajichoma na mimi, nikusindikize."

Jumamosi asubuhi, kabla hawajaweka chochote tumboni, walikaa kwenye meza ya jikoni kama watoto wanaotaka kucheza mchezo. Jua lilikuwa limeingia hadi kwenye sufuria. Alianza yeye: tano nukta mbili. "Mwanafunzi bora," alisema Mama Pacha, akanyoosha kidole chake cha pete. "Mume wangu, polepole. Mimi si mgonjwa wako." Akachomwa, akasema "Uwii!" kwa mbwembwe, na tone likanywewa na kikaratasi.

Mashine ilihesabu. Ikaandika kumi na moja nukta nne.

Daktari Radi aliitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma tarakimu tatu. "Umeshika nini asubuhi hii? Sukari? Tunda?"

"Nimeshika mswaki."

"Nenda kanawe mikono. Kwa sabuni. Kausha vizuri."

Alinawa, akakausha, akarudi. Safari hii hakusema uwii. Kumi na moja nukta mbili.

Friji ililia, ikanyamaza. Mama Pacha aliangalia mashine, akamwangalia mumewe, na kwa kuwa uso wa mumewe ulikuwa umekosa damu, yeye ndiye aliyesema neno kwanza. "Wastani ni kumi na moja nukta tatu. Ni mbaya?"

"Si nzuri."

"Ni ile?"

"Ndiyo," alisema. "Ni ile."

Hapo yote yakamrudia kwa pamoja. Jagi la maji ambalo mkewe alianza kulala nalo pembeni ya kitanda tangu mwaka juzi. Kuamka kwake mara tatu hadi nne kwenda haja, naye mumewe akigeukia ukutani. Miwani aliyobadilisha mara mbili ndani ya mwaka. Jioni alizolala kwenye kochi, madaftari kifuani, kalamu nyekundu ikichora mstari kwenye mto. Aliwahi kumwambia, "Siku hizi nachoka, Baba Pacha," naye akamjibu, tena bila kuinua macho kwenye kitabu, "Ni umri, mama. Sote tunakwenda huko." Angetamkiwa hayo na mama yeyote kwenye chumba namba nne, asingemaliza sentensi kabla hajachomwa kidole.

Aliinamisha kichwa juu ya meza. Mama Pacha akamwekea mkono kisogoni. "Haya, inuka," alisema. "Anayeumwa ni mimi, na anayebembelezwa ni wewe."

Ingekuwa vizuri kusema kwamba tangu siku hiyo alimtunza mkewe kama yai. Kweli alimtunza, na hapo ndipo shida ilipoanza. Kufika Jumatatu, jikoni hapakuwa na sukari, jamu wala biskuti za wageni. Mlango wa friji ulibandikwa jedwali la rangi tatu. Alimpimia chakula kwa kikombe. Alimwamsha alfajiri kutembea, akienda mbele yake huku akiangalia saa. Alimuuliza, "Umekunywa?" kabla ya "Umeamkaje?" Siku ya kumi tangu Jumamosi ile alifungua mkoba wa shule wa mkewe kutafuta kalamu, hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, akakuta kipande cha keki kimefungwa kwenye karatasi. Akanguruma. Ilikuwa ile ile sauti ya chumba namba nne, na iligonga vyombo kabatini.

Mama Pacha hakupandisha sauti. Alikitoa kile kipande cha keki mikononi mwake, akakiweka mezani. "Mwalimu mwenzangu amestaafu leo," alisema. "Nilikiweka nikuletee wewe." Akavua miwani. "Miaka ishirini na minne nimeolewa na Baba Pacha. Huyu Daktari Radi nilikuwa namsikia tu kwa watu. Sikujua kama wanamvumilia hivi. Mwambie arudi hospitalini kwake. Mimi sitibiwi na mume wangu."

Akaingia chumbani kusahihisha mitihani, akafunga mlango.

Alhamisi Daktari Radi alimsimulia Dereva. Fomu ya wiki hiyo ilikuwa na mapengo mengi na wino wa kila aina, lakini Dereva hakuitazama. Alisikiliza hadi mwisho, huku akijikuna mguu pale ambapo kidole hakikuwepo.

"Kinyozi hajinyoi, hilo tunajua," alisema. "Lakini hata nywele za mkewe haangalii? Haya, yameshapita. Sasa nikuulize. Umewahi kumbeba abiria mwoga? Yule anayekaa kushoto kwako, kila kona anakanyaga sakafu kama pana breki?"

"Nimewahi."

"Anasaidia?"

"Anachosha."

"Ananichosha hadi nakosea gia. Daktari, shemeji ndiye mwenye usukani. Miguu itakayotembea ni yake, na ulimi ni wake. Wewe kaa kushoto, ushike ramani, ukiulizwa ujibu." Aliuangalia mguu wake. "Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikanyaga breki. Nikawa nakula kwa kujificha. Vile vidole viwili havikuondoka kwa sababu sikuelezwa. Niliviona vinabadilika rangi, nikaogopa kumwonyesha kwa kuwa nilijua atakavyopiga kelele."

Siku hiyo Daktari Radi alirudi nyumbani mapema, akalibandua jedwali kwenye friji, akamwomba mkewe msamaha akiwa amesimama mlangoni mwa chumba kama mwanafunzi aliyechelewa. Mama Pacha alimalizia kwanza daftari alilokuwa nalo. "Nitafutie daktari," alisema. "Nitamchagua mwenyewe."

Alimchagua Kitindamimba. Alikaa kwenye benchi la kliniki asubuhi nzima akiwatazama madaktari wakiwaita wagonjwa, akaona kwamba yule binti mwenye daftari jekundu ndiye pekee aliyesimama kumpokea mtu, na ndiye aliyeuliza swali kisha akanyamaza hadi apate jibu.

"Yule?" Daktari Radi alishangaa. "Juzi nimemsahihisha dozi ya—"

"Yule," alisema Mama Pacha, akainuka na faili lake.

Alitaka kumfuata. Mlangoni Mama Pacha alimgeukia. "Ndugu wa mgonjwa husubiri nje."

Basi alisubiri nje. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye benchi la kliniki upande ule, na aligundua kuwa benchi ni fupi kwa mapaja ya mtu mzima, na kwamba kila mlango ukifunguka mtu hujikuta ameinuka bure. Ilimchukua dakika arobaini. Kwa ndani alisikia, "Shikamoo mama," na "Marahaba mwanangu," halafu muda mrefu hakusikia kitu, na halafu, jambo alilokuwa hakulitegemea kabisa, alisikia mkewe akicheka.

Alipoitwa aliingia. Kitindamimba alikuwa na woga kidogo, lakini kalamu yake ilikuwa imara. "Daktari, samahani, naomba nikuulize kama ndugu wa mgonjwa. Nyumbani nani anapakua chakula?"

"Mimi. Siku hizi."

"Kabla ya siku hizi?"

"Yeye."

"Nani alikuwa anasema ongeza?"

Alimtazama mkewe. Mama Pacha alikuwa anatazama dari. "Mimi," alisema Daktari Radi. "Napenda akila. Tangu tulipooana napenda kumwona anakula akashiba."

Binti aliandika. Wastani wa sukari wa miezi mitatu ulikuwa asilimia tisa nukta moja, presha ilikuwa juu kidogo, figo zilikuwa safi. Alipanga dawa moja kwa kuanzia, kwa kipimo kidogo ili tumbo lizoee, akamwomba Mama Pacha mwenyewe ataje jambo moja la chakula ambalo angeweza kulibadilisha bila kulia. Mama Pacha alitaja soda ya saa nne pale ofisini kwa walimu. Wakakubaliana hilo, na la kutembea, ila baada ya kazi badala ya alfajiri. Na wakati binti anageuka kutafuta muhuri, Daktari Radi akachungulia faili, kwa mazoea tu. Chini kabisa, kwa mwandiko safi, palikuwa pameandikwa: *Mgonjwa anaelewa vizuri. Mume: anahitaji elimu.*

Alicheka peke yake koridoni hadi akashika ukuta.

Mwezi ulipoisha kila mwanafunzi alisimama mbele ya wenzake na walezi kueleza alivyoumwa. Daktari Radi alikuwa ameandaa picha na michoro. Alipofika mbele aliacha kompyuta imefungwa.

"Kati ya vidonge mia na ishirini nimekosa thelathini na kimoja," alisema. "Na hivi vilikuwa vya unga. Havitii kichefuchefu, havimkimbizi mtu chooni. Nina saa, nina friji, nina mke mwalimu wa hesabu, na bado nimekosa thelathini na kimoja. Mlezi wangu ndiye shahidi." Dereva aliinua mkono kutoka mstari wa nyuma. "Miaka kumi na saba nimewaita watu waongo. Baadhi walikuwa waongo kweli. Walidanganya kwa sababu walikuwa wananiogopa. Na yuko mgonjwa mmoja nilimpita miaka miwili nikiwa sijaona, naye analala ubavuni mwangu."

Alitaka kuendelea, akabaki akiikunja fomu yake. Profesa alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Kaa, kaka," alisema. Hakuwa amemwita kaka tangu walipokuwa chuoni. "Kaa, inatosha. Umefaulu."

Mafunzo yalichukua miezi ishirini na saba badala ya ishirini na minne, kama ilivyo kawaida ya mambo haya. Daktari Radi alijifunza kusoma picha za moyo kwa mashine mpya, na dawa ambazo hazikuwepo alipokuwa kijana, na alifeli mtihani mmoja akaurudia akiwa amekaa nyuma ya Kitindamimba. Mama Pacha naye alipanda na kushuka. Ilipofika miezi sita wastani wa sukari yake ulikuwa asilimia saba. Mwaka ulipofika ikapanda tena, kwa sababu mama yake aliugua naye akakaa kwake wiki tano akila kwa mawazo. Kitindamimba hakumwuliza kwa nini imepanda. Alimwuliza mama anaendeleaje. Ikashuka. Soda ya saa nne haikurudi, ila keki za wanaostaafu alikula, kipande kimoja, hadharani.

Daktari Radi alipomaliza mafunzo, alirudi kwenye hospitali yake ya pembezoni kufungua kliniki moja ya magonjwa yote yale. Lakini kabla haijafunguliwa, Mama Pacha alikuwa ameshaanza yake. Ijumaa moja, saa ya mapumziko, aliwapanga walimu na wafanyakazi wenzake kumi na wanane kwenye viti vya ofisi yao, akasema yeyote anayeogopa atoke kwanza ajulikane. Hakutoka mtu. Kitindamimba ndiye aliyechoma vidole na kupima presha, Mama Pacha akiandika majibu. Daktari Radi alipewa kazi ya kubeba boksi la vifaa na kukusanya pamba zilizotumika, na aliifanya kwa adabu, akiinama kwa kila mmoja na kopo lake.

Mwalimu wa jiografia aliambiwa arudi Jumatatu bila kunywa chai. Mpishi wa shule vilevile. Wa mwisho alikuwa mkuu wa shule, mtu wa mabega mapana ambaye mlio wa viatu vyake peke yake ulinyamazisha uwanja mzima. Alikaa, akakunja mkono wa shati, akaona ile sindano ndogo, akafumba macho.

"Mwalimu," alinong'ona, "naomba nishike mkono wako."

Mama Pacha alimpa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa unaandika.